Nilirekebisha Ripoti Kimya Kimya, Rafiki Yangu Akaitwa Mwizi

Kosa ni langu. Sitaki kuanza na habari za kompyuta halafu nijifiche nyuma yake, maana kompyuta ilifanya kile nilichoiambia.

Nafanya kazi ya kutengeneza ripoti katika shirika moja la misaada hapa Juba. Unaandika maagizo mara moja, kisha kila Jumatatu asubuhi ripoti inajitengeneza na kujituma kwa wakubwa bila mtu kuigusa. Nilijivunia sana hilo, tena kwa sauti.

Rafiki yangu, nitamwita Wani, alikuwa mtunza ghala wetu kule Gumbo, ng'ambo ya daraja. Nasema rafiki lakini ni zaidi. Wazazi wangu walipofariki ukimbizini Uganda, mama yake alinichukua, tukala sahani moja. Bahati ya shule niliipata mimi, nikapelekwa Kenya. Wani alibaki na jembe.

Siku moja bosi aliniambia jedwali la vyandarua linamchosha macho. Marobota yote ya vyandarua yalikuwa ghalani kwa Wani, yakisubiri kugawiwa watu. Akataka yapangwe kwa mtaa: ya Atlabara pamoja, ya Juba Na Bari pamoja, ya Gumbo pamoja, na chini ya kila mtaa kuwe na mstari wa jumla ndogo. Nikaongeza mistari hiyo haraka haraka, nikaenda kula.

Nilichosahau ni hiki. Jumla kuu ya mwisho nilikuwa nimeiagiza ijumlishe safu nzima, na sasa ndani ya safu mlikuwa na zile jumla ndogo pia. Ni kama mtu mwenye mbuzi watatu na kondoo wawili, ameandika chini yake "watano", kisha anajumlisha kila alichoandika na kujiona ana mifugo kumi. Mstari wa mwisho ulitoka maradufu. Na bosi wetu husoma mstari wa mwisho tu, kwenye simu, akiwa garini.

Wiki hiyo hiyo wakaguzi walikwenda Gumbo kuhesabu marobota. Wakakuta nusu.

Hapa Juba chandarua cha msaada utakiona sokoni, utakiona kimezungushwa kwenye bustani ya mboga ya mtu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Wani alitoa kadi zake za ghala, wakasema amezichezea.

"Mimi hapana chukua kitu," akawaambia. "Uliza watu ya Gumbo, mimi naishi namna gani."

Bosi akamjibu kwamba kompyuta haina tumbo, haiwezi kula vyandarua.

Mchana huo nilifungua jedwali nikaliona kosa langu. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kumalizika, na nilikuwa nimeshajisifu kwa kila mtu. Nikajidanganya: nikirekebisha kimya kimya, Jumatatu ripoti itatoka sawa, wataona ghala na ripoti vinalingana, mambo yataisha yenyewe.

Jamani, akili ya mwoga! Jumatatu ripoti ilitoka sawa, na bosi akaziweka zote mbili mezani mbele yetu. "Wiki iliyopita hivi, leo nusu. Hata mashine imeona vimeondoka." Marekebisho yangu ndiyo yaliyomfukuzisha Wani kazi. Nami nilikuwa nimekaa pale pale, natazama viatu vyangu.

Harami, ndivyo tunavyomwita mwizi huku. Jina hilo lilifika Gumbo kabla Wani mwenyewe hajafika. Mama yake, ambaye nami namwita Mama, alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, na wenzake wakaanza kunyamaza kila akiingia. Akaacha kwaya, halafu akaacha kanisa. Presha alikuwa nayo tangu zamani. Sasa hata dawa akawa hataki kumeza.

Nilikwenda kumwona, nikambebea sukari. Alimtuma Wani nje akachemshe chai, akanishika mkono.

"Mtoto yangu, wewe ndiyo iko na hiyo kompyuta. Ambia mimi ukweli tu, mimi hapana kasirika. Wani iliiba?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia, "Sijui, Mama."

"Malesh," akasema, ananiomba radhi kwa kunisumbua. Akauachia mkono wangu. Chai ikaja, tukanywa.

Alifariki kabla mvua hazijaisha. Baada ya matanga nilikwenda kwa bosi nikaeleza kila kitu. Wani akaandikiwa barua ya kumsafisha jina na kumrudisha kazini, nami nikaomba niipeleke mwenyewe. Nilimkuta uani kwake. Nikapiga magoti, nikasema yote, sikubakisha.

Hakunipiga. Ningeshukuru kama angenipiga.

"Ile siku ya sukari," akasema, "mimi ilikuwa hapo kwa jiko. Mimi ilisikia Mama nauliza wewe. Mimi ilisikia wewe nasema hapana jua." Akaikunja barua bila kuisoma. "Mimi ilisema, kalas, basi, kama hata wewe hapana jua, nani atajua mimi?"

Kisha akaniambia niende nyumbani. Kazini hakurudi, na simu zangu hapokei. Simlaumu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, nikazika. Ninyi mnaotengeneza ripoti za kujituma zenyewe, hakikisheni jumla ndogo hazihesabiwi tena kwenye jumla kuu. Lakini hilo ni dogo, mtu yeyote hukosea. Ukikosea, sema kwanza, ndipo urekebishe. Usimwachie mtu mwingine abebe nusu iliyopotea.

Ripoti yangu sasa inatoka sawa kila Jumatatu. Mama amelala Gumbo, na jibu la mwisho alilolipata kuhusu mwanawe ni lile nililompa mimi.