Dele Lililooshwa

Mektilda alikuwa msafi kupita kiasi, na hili halisemwi kwa kumsifu. Wapangaji wenzake katika ile nyumba ya vyumba sita, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, walikwishazoea kusahau sufuria uani usiku na kuzikuta asubuhi zinang'aa mpaka mtu anajiona meno. Alilelewa na masista wa misheni huko Kilimanjaro, wakamfundisha kwamba uchafu nao ni dhambi, ila tu watu husahau kuiungama. Alipoolewa na Tarsis akaletwa mjini, alikuja na imani hiyo nzima nzima. Hata mwaka ule baada ya vita, sabuni ilipokuwa haipatikani ila kwa foleni ya alfajiri, yeye alisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa maganda ya ndimu. Hakuna uchafu uliomshinda.

Chumba cha mbele alikaa Mzee Kitwana, mtu wa Lindi, aliyefiwa na mkewe zamani. Alikuwa muuza kahawa. Kila alasiri alitoka na dele lake la shaba, lile birika refu linalobebwa pamoja na makaa yake ya moto chini, akigonganisha vikombe kwa mkono mmoja mpaka kwenye kona yake. Dele hilo alilirithi kwa mjomba wake, na ndilo lililomlisha. Hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto wa kumtumia kitu.

Siku moja akapata msiba Temeke, akawa anakwenda kulala matanga. Kabla ya kuondoka akabisha hodi kwa Mektilda, dele mkononi.

"Mama Pius, niwekee hili. Komeo la chumba changu halifungi vizuri."

"Pole na msiba, mzee. Liache tu, litakaa salama."

Wema wa Mektilda ungeishia hapo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini aliinua kifuniko akachungulia, na roho ikampaa. Ndani mlikuwa na gamba nene, jeusi kwa kahawa juu, jeupe ukilikwaruza: chokaa ya maji ya chumvi, iliyojijenga miaka na miaka. Watu wananyweshwa humu? Akamwonea huruma mzee wa watu, hana mke wa kumsaidia. Akaenda sokoni akanunua fungu la ndimu, akazikamua ndani ya dele pamoja na maji, akachemsha, akamwaga, akachemsha tena. Gamba likaanza kubanduka vipande vipande kama ganda la yai. Kilichogoma alikikwangua kwa kijiti cha mwanzi. Nje akapaka ukwaju na majivu.

Tarsis aliporudi kutoka kazini alilikuta dele linameta mezani.

"Amekuomba umwoshee?" akauliza.

Mektilda akalipangusa tena kwa ncha ya kanga.

Mzee Kitwana alipotoka matangani alilipokea dele lake, akaligeuza, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Mektilda akasimama pale akingoja asante.

"Limekuwa jipya," mzee akasema.

"Nimekusafishia, mzee. Kwa ndimu tu."

"Naona."

Akalijaza maji, akatia makaa. Maji yalipoanza kupata moto, tone likadondoka kwenye makaa, chsss. Likafuata jingine, na jingine, mpaka makaa yote yakawa meusi. Chini ya dele palikuwa na tundu dogo la kupita sindano, na yaelekea lilikuwapo tangu enzi za mjomba. Lile gamba ndilo lililokuwa limeliziba.

Mektilda akajiandaa kugombezwa. Majibu alikwishayapanga kichwani, makali na ya kutosha. Mzee Kitwana akamwaga maji, akaliweka dele kando.

"Haidhuru, mama Pius," akasema.

Basi, ni hilo tu. Akatoa kigoda barazani, akaketi alasiri nzima na vikombe vyake vikavu vimepangwa mbele yake. Kesho yake vivyo hivyo. Wateja walipopita kumuuliza kulikoni, aliwajibu kwa upole uleule, "Kahawa hakuna. Dele limeoshwa." Aliyeliosha hakumtaja, wala hakuwa na haja ya kumtaja, maana mtaa mzima ulijua nani anaosha vya watu. Mektilda akifika bombani, wanawake wakawa wanavuta ndoo zao karibu. "Shoga, hizi zetu tuachie hivihivi," walimwambia, wakacheka. Ulikuwa utani, lakini ulimchoma.

"Angenitukana ningepumua," alimwambia mumewe. "Mtu gani huyu asiyegombana?"

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Tarsis akasema.

"Na wewe nyamaza."

Mektilda akalichukua dele akalipeleka mtaa wa Gerezani kwa Eliakimu, fundi wa mabati. Eliakimu akaliinua juani, akafumba jicho moja, akaona nuru inapenya.

"Risasi ya kulehemu sina, na mji huu hutaipata," akasema. "Hata ningekuwa nayo, shaba hii imekwisha, imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikiitia moto wangu, tundu moja litakuwa matano. Lilikuwa limezibwa na nini?"

"Uchafu."

"Basi lirudishie uchafu wake."

Mektilda alirudi nyumbani akisema peke yake njia nzima. Masista wangemwonaje? Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Na maji yenyewe yalimtaka aende mbali, kwa sababu yale ya bomba hayakuwa na chumvi ya maana. Akawa anakwenda Buguruni, kwenye kisima ambacho mwenye hiari hanywi maji yake, anarudi na ndoo kichwani, anachemsha uani kwa mkaa wake mwenyewe. Dele likidondosha, makaa yanazima, anawasha tena. Maji yakikauka, anaongeza mengine. Alilichukia kila tone. Akichungulia aliona utando mweupe unaanza kutanda, na mkono ukamwasha kuufuta, ikabidi aukalie. Vyombo vyake mwenyewe vikalala bila kuoshwa. Tarsis alikula kwenye sahani yenye ukoko wa jana, na alikuwa na busara ya kutosha kutoutaja.

Matone yakaanza kuwa mazito, yakachelewa. Hatimaye alasiri moja Mektilda alichuchumaa mbele ya dele akingoja tone ambalo halikuja. Makaa yalibaki mekundu. Akalibeba hadi barazani bila neno.

Mzee Kitwana akachungulia ndani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapika kahawa yake na tangawizi, polepole, na watu wakaanza kusogea kwa harufu. Kikombe cha kwanza akampa Mektilda.

"Mzee, nikuulize," Mektilda akasema. "Kwa nini hukunigombeza?"

Mzee alipuliza makaa kwanza.

"Ningekugombeza tungegombana, mama Pius. Na ungenishinda, maana mdomo unao. Kisha ungeingia ndani ukalala usingizi wako, na dele langu lingekuwa linavuja mpaka leo."

Mektilda akamkodolea macho. Kumbe ndoo zote zile za Buguruni, na mkaa wote ule, mzee alivipanga akiwa amekaa kwenye kigoda, kwa neno moja tu. Hasira zikampanda, lakini kicheko kikazitangulia, na hilo likamkera zaidi. Akanywa kahawa. Ilikuwa chungu na nzuri, akakubali kwa shingo upande. Akainuka na kikombe chake kitupu, akaelekea bombani.

Mzee Kitwana akanyoosha mkono, akakichukua.

"Hiki nitakiosha mwenyewe," akasema.