Wifi Yangu Kompyuta na Tamasha la Mvua

Kila mwaka kuna mtu anayeniuliza kama kweli inafaa kwenda kusikiliza muziki uwanjani huku mvua inanyesha, nami kila mwaka namuuliza kama yeye ni chumvi, atayeyuka. Mimi ni msusi. Wiki nzima nasimama nyuma ya vichwa vya watu nikisikiliza habari za ndoa zao. Tamasha la uwanja wa mpira ndiyo siku yangu, na daima linaangukia majira ya mvua, kwa sababu wenye uwanja hawautoi wakati wa ligi. Nimepoteza ndala huko, nimerudi nyumbani na matope hadi kwenye nyusi, na sijajuta. Wanaosema muziki uleule unapatikana kwenye simu wananichosha. Kwenye simu hakuna mtu usiyemjua atakayekushika mkono usiteleze, kisha mkaimba wote wawili mpaka sauti zikakauka.

Lakini mimi si kitu hapa. Nataka kumsimulia wifi yangu, mke wa kaka yangu, anayeupenda muziki kuliko mimi, na ambaye miaka yote hiyo alikuwa akiniambia, "Mwaka huu nakuja, wifi," halafu haji.

Nyumba ya kwetu, ingawa mimi siku hizi nimepanga kwangu, ni ya udobi. Aliyeanzisha kazi ni marehemu baba: mabeseni uani, kamba zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta, chumba cha mbele cha pasi. Baba hakuwa akitia alama kwenye nguo za watu. Alisema nguo ya mtu si gunia la mahindi. Badala yake aliweka sheria moja: aliyeanika ndiye anayeanua, maana ndiye anayejua ipi ni ya nani. Baba aliziweka zote kichwani. Kaka hata soksi zake mwenyewe hazijui. Mama naye macho yamepungua na miguu imevimba. Basi alipoolewa wifi, na ikaonekana anaweza kulitambua shati kwa kifungo kilichobadilishwa au kola iliyochakaa upande mmoja, nyumba nzima ilishusha pumzi. Mtaa ukampa jina, Kompyuta, na wateja wakaongezeka.

Tangu hapo ameishi akitazama juu. Jua likiwaka, anaanika. Wingu likipita, anasimama mlangoni mikono kiunoni akilipima. Mvua ikinyesha, nguo zote zinaingia ndani, zinaning'inia vyumbani mpaka unakula huku mguu wa suruali ya mtu unakugusa sikio, naye anakausha kwa pasi moja moja. Kwenye harusi ya mdogo wake wa damu aliondoka kabla bibi harusi hajaingia ukumbini, kwa sababu upande wa kwetu kulikuwa kumetanda. Hakuna aliyemkataza kitu, na hilo ndilo lililokuwa likinipandisha hasira. Ukimkataza mtu, anaweza kukugombeza. Wao walimwambia, "Nenda tu," kisha wakatazama mbingu.

Mwaka jana ikatangazwa kwamba yule mama mwimbaji, ambaye nyimbo zake wifi anapiga nazo pasi tangu nimjue, angeimba kwenye tamasha letu kisha astaafu. Ilikuwa mara ya mwisho. Nilimwona wifi akiisikia habari hiyo redioni. Aliisimamisha pasi, akasema, "Hii siikosi, hata inyeshe mawe."

Siku yenyewe alifua mapema, akaanika, akamchukua kaka wakapita kamba kwa kamba.

"Hizi za mwalimu mkuu. Hizi za muuza dawa. Kuanzia hapa mpaka kwenye shuka, za yule kinyozi. Ukiona wingu, anua kwa mpangilio huu huu, usichanganye."

"Kwani mimi mtoto mdogo?" kaka akasema. "Nenda, mke wangu, ukafurahi."

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. "Nenda, mwanangu. Ila naogopea kifua chako na baridi hii."

"Kifua chake hakina ugonjwa wowote, mama," nikasema.

"Nimesema asiende?"

Tulikuta uwanja umejaa, na ardhi imeshaanza kulainika. Tukapata nafasi nzuri karibu na jukwaa. Wifi alikuwa amesuka, nilimsuka mimi mwenyewe, na alikuwa anacheka na watu asiowajua kama mtu aliyetolewa kifungoni. Halafu mvua ikaja, na haikuja kwa kubisha hodi. Mafundi wakakimbilia spika na maturubai, wengine wakakimbilia getini, na sisi wapenda muziki tukabaki. Nikamtazama wifi. Alikuwa amelowa chapa, uso ameuinua juu, nikadhani anaionja mvua. Kumbe alikuwa anakisia kama ile ya kwetu imeanza wakati mmoja na hii.

"Kaka yupo," nikamwambia.

"Yupo," akasema, bila raha.

Tulisubiri mpaka meno yakagongana. Hatimaye yule mama akatoka, mpiga ngoma akiwa amemshikia mwavuli, na akauanza bila salamu ule wimbo anaoupenda wifi kuliko zote. Uwanja mzima ukaitikia. Sijui nikueleze vipi. Maji yanakutiririka mgongoni, miguu imezama, na huna shida na mtu yeyote duniani. Wifi alinikumbatia akaimba kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Aliimba ubeti wa kwanza wote.

Kisha simu yake ikaita ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nguo zimechanganyika," kaka alikuwa anapiga kelele, hata mimi nilimsikia. "Kamba imekatika. Muuza dawa yuko hapa mlangoni, anasafiri. Shati la bluu la mistari ni la nani?"

Wifi akaziba sikio moja kwa kidole. "Yako mawili. Tazama vifungo. Lenye kifungo kimoja cheusi ndilo lake."

"Vyote naona vyeusi."

"Washa taa. Na suruali zake zina pindo limeshonwa kwa mkono."

"Pindo la wapi?"

Yule mama alikuwa kwenye kiitikio. Maelfu ya watu walikuwa wameinua mikono, na wifi yangu katikati yao alikuwa ameinama, anaelekeza pindo la suruali kwa kelele. Nilinyoosha mkono niizime ile simu. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu za mtu anayekamua mablanketi, na bado maumivu yake nayakumbuka. Wimbo ukaisha. Watu wakapiga vigelegele. Akaniambia, "Ngoja niende, wifi," akageuka akaanza kupenya kwenye umati. Nilimfuata nikitukana mvua, kaka na mashati yote ya bluu.

Nyumbani tulikuta nguo zimerundikwa juu ya kitanda kikubwa, kaka amesimama pembeni kama mshtakiwa. Mama alimtazama wifi, akatabasamu kwa upendo kabisa, akasema, "Umeona, mwanangu? Bila wewe humu ndani haliendi jambo." Wifi hakubadilisha hata nguo. Alivuta kigoda, akaanza kuchambua.

Mimi sikulala vizuri. Kulipokucha nikaenda dukani, nikanunua nyuzi za kila rangi, nikawakalisha chini. Nikawaambia, uzi mmoja ndani ya mshono, kila mteja na rangi yake, hauonekani, haumharibii mtu nguo, na yeyote anaweza kuanua. Kaka akakubali mara moja. Hata mama, niliyemtarajia agome, alisema baba yetu hayupo tena na mambo hubadilika. Wifi alizipokea nyuzi, akashukuru.

Majira ya tamasha yalipokaribia tena nikapita kwao. Nyuzi zilikuwa zilezile, hata karatasi haijafunguliwa, nyuma ya kopo la wanga. Wifi alikuwa peke yake chumba cha pasi, nguo zimemzunguka kila upande kwa sababu kulikuwa kumenyesha.

"Una nini wewe?" nikamuuliza. "Ukitia nyuzi hizi hata kaka anaweza kuanua."

"Hata kaka yako," akasema. "Hata msichana yeyote wa kuletwa."

"Ndiyo. Nawe uende uwanjani usikilize mpaka mwisho."

Aliiweka pasi pembeni. Hakuwa na hasira.

"Wifi, miaka yote hii sina mtoto. Shangazi zako wakija hapa kumuuliza mama anangoja nini kumtafutia mwanawe mke mwingine, mama anawajibu nini?"

Nilijua mama anawajibu nini. Nimemsikia kwa masikio yangu, zaidi ya mara moja, na siku zote nilidhani anamtetea tu. Anawaambia kwamba huyu hawezi kuondoka, kwa sababu nguo za watu anazijua yeye peke yake.

"Basi," akasema wifi, "chukua nyuzi zako."

Nilizitia kwenye mkoba. Alikuwa anakunja shuka, nikamshikia upande wa pili.