Nimetoka saluni na nusu kichwa

Nimetoka saluni na nusu kichwa, na sijutii!

Kesho tunamuoza mdogo wangu kijijini Kinole, huko mlimani. Saa mbili asubuhi nilishakaa kwa msusi wangu, Mama Nasra, hapa Mwembesongo.

Akanisuka mistari minne ya mbele, kisha akaniacha akaenda kumuanzia mwingine. Halafu mwingine tena!

Mnaujua huo mchezo. Anakuanzia ili usiondoke.

Miaka mitano namvumilia. Kila mara nasema hii ndiyo ya mwisho, halafu narudi mwenyewe, mjinga mimi.

Saa saba nikamwambia, "Mama Nasra, nina safari ya mlimani."

Hata hakugeuka. "Utaenda wapi na kichwa hicho?"

Saluni nzima ikacheka.

Nikainuka. Akanitupia kanga: "Basi jifunike, utatutia aibu."

Nikamrudishia kanga yake.

Nimekatiza soko zima kichwa wazi, mbele mistari minne, nyuma nywele zimesimama wima. Kila aliyeuliza "Dada, nani kakusuka hivyo?" nimemtajia jina, na saluni nikamwonyesha kwa kidole.

Semeni kama nimekosea.

Ameshapiga simu mara tatu, eti nirudi animalizie sasa hivi.

Nimemwambia asubiri, bado sijamaliza kuzunguka.