Hoteli Katika Mji wa Mdogo Wangu

Mwanangu wa kiume aliiweka safari yetu kwenye televisheni. Kasimama sebuleni kwake, huko mji wa Katy, rimoti mkononi, tumbo mbele, kama waziri anazindua daraja. "Okay family! Brisbane! Jua mwaka mzima!" Sisi tumetoka Dallas alfajiri, binti yangu ka-drive njia nzima ilhali ametoka shifti ya usiku hospitali, mimi magoti yamekauka kama kuni, kumbe tumeitwa kutangaziwa jua.

Nikamwambia, "Baba, jua lipi? Sasa hivi ukishika usukani wa gari Dallas unaacha ngozi. Tupande ndege tuvuke bahari yote ile tunalifuata jua?"

"Mama, lile ni tofauti. Kule saa hizi ni winter yao. Kunakuwa kama Kigoma asubuhi."

"Basi twende Kigoma."

Wakacheka. Mimi nikifungua mdomo wanacheka, hata nisipotania. Nimewazoesha vibaya. Naigiza imamu, naigiza majirani, naigiza yule mama wa posta anayenipigia kelele akidhani nisipojua Kiingereza basi ni kiziwi. Sasa hata nikisema naumwa mgongo wanangoja nimalize wapige makofi.

Lakini pale sebuleni hakuna aliyeitaka Brisbane kama mimi. Mdogo wangu yuko kule. Tulizaliwa wengi, tumebaki wawili, yeye anakaa kwa mwanawe Brisbane, mimi kwa binti yangu Dallas. Hatujaonana tangu tulipomzika mama. Tunapigiana simu jioni yangu, kwake tayari ni kesho asubuhi. Namuuliza, "Huko kesho kukoje, kuna cha kuogopa?" Ananijibu, "Kuna sura yako tu, bibi kizee." Ndiyo salamu yetu. Shikamoo hanipi, na mimi simdai.

Basi waziri akaendelea. Siku ya koala. Siku ya ufukweni. Siku ya boti mtoni. Siku ya maduka. Mjukuu wangu, msichana anayeongea kama kabanwa pua, ananitikisa, "Bibi, you're gonna see a koala!" Nikamtazama huyo koala kwenye televisheni, kajikunja juu ya mti, macho ya mtu aliyeamshwa kudaiwa kodi.

"Na mdogo wangu yuko siku gani?"

Mwanangu kabonyeza rimoti, kabonyeza tena. "Yupo, Mama. Huyu hapa. Jumapili. Lunch."

Lunch! Mdogo wangu kabanwa katikati ya boti na maduka.

"Na tunafikia wapi?"

"Hoteli, Mama! Ina bwawa juu ya paa. Nimesha-book."

Hapo masihara yalinitoka. Nikawaambia, mwanamke hafikii hoteli katika mji ambao ndugu yake ana nyumba. Hata kama nyumba ni chumba kimoja na mbuzi ndani. Watu hawatauliza ulikula nini wala uliona mnyama gani, watauliza dada mtu kafikia wapi. Wakisikia hoteli, wanajua kuna ugomvi, au nyumba ya mdogo mtu haifai kulala mtu.

Binti yangu akanishika mkono. Huyu ananisemesha kwa sauti ya wagonjwa wake. "Mama, tusikilizane kidogo, sawa? Nyumba ya mama mdogo ni ndogo. Wenyewe wamejaa. Tunawapunguzia usumbufu. Sawa, Mama? Umekunywa maji leo?" Nikisema la maana napewa maji.

Mwanangu, kwa adabu zake za ofisini, akautuma mpango ule kwa binamu yake Brisbane. Wote wausome, wajiandae. Kesho yake jioni simu ikalia.

"Shikamoo, dada."

Nilishtuka, nikadhani kuna msiba. "Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna, dada, sote wazima. Tumeupokea mpango wenu, mzuri sana. Karibuni, wageni. Mkipata nafasi hiyo Jumapili mtupitie, tutafurahi."

"We, una nini?"

"Sina kitu, dada. Kwetu padogo. Mtapumzika vizuri huko kwenye bwawa."

Sauti laini, kama tangazo la benki. Simu ilipokatika nilijaribu kuiigiza, ikanishinda. Ilikuwa sauti ya mtu nisiyemjua.

Siku zilizofuata hakupokea. Anapokea mkwe wake. "Shikamoo Mama, yuko bafuni." Kesho, bafuni. Keshokutwa, bafuni. Nikamwambia mkwe, mwanangu, mtoeni humo bafuni atayeyuka. Ndipo binti wa watu akanong'ona kwamba mdogo wangu alishanunua godoro langu. Kalitandika chumbani kwake mwenyewe, ubavuni mwa kitanda chake. Na msikitini kwao kashawaambia wanawake wenzake, dada yangu anakuja, mje mumuone, mtamkuta kwangu. Sasa akawaambie nini? Wapande juu ya paa wakanitazame kwenye maji?

Nikampigia mwanangu. "Baba, ifute hiyo hoteli."

"Mama, it's non-refundable."

Kiingereza sijui ila hilo neno nimelielewa, linasikika kama mlango unafungwa: hela hairudi. Nikamwambia basi nyie laleni hotelini, mimi naenda kwa mdogo wangu. Akaanza, "Mama, una-complicate mambo. Hii ni vacation, tuwe pamoja kama familia. Utalala chini? Na magoti yako?"

"Magoti yangu, wewe yanakuhusu nini? Mimi na yeye tumelala mkeka mmoja mpaka siku naolewa. Akinipiga mateke usiku nitajua nimefika."

"Okay, Mama. Tu-vote kwenye group."

Wakapiga kura mimi nilale wapi! Kwenye simu, kwa vidole gumba. Mimi siandiki, nikatuma maneno kwa sauti, nikaeleza yote tangu mwanzo. Hakuna aliyesikiliza. "Ndefu mno, Mama." Nikashindwa uchaguzi.

Nikasema siendi. Tukiwa garini nikamwambia binti yangu jina langu alitoe. Nikakae Jumapili kwa mdogo wangu, mkoba mapajani, naletewa soda kwenye sinia kama mshenga? Bora nibaki Dallas niungue. Binti yangu akaguna tu, akaingia dukani kununua mboga, kaniacha kwenye gari na kiyoyozi.

Nikakaa mle nikaitazama simu. Halafu nikaikamata, nikamtumia mdogo wangu sauti. Sikuongea kwa sauti yangu. Niliongea kwa sauti ya mama yetu. Tangu tumzike nimeigiza dunia nzima, yeye sijamgusa.

"Nyie! Nyie wawili! Nawaita hamsikii? Wewe mdogo, nani kakufundisha kumfungia dada yako mlango? Endelea kununa, huo mdomo utakomaa hivyohivyo. Na wewe mkubwa, watoto wanakupangia pa kulala, umekaa tu, huna ulimi? Mnaniaibisha mbele ya watu. Ingieni ndani, mlale, nisisikie neno."

Nikamalizia na kikohozi chake kile cha kufunga mjadala. Nikatoa kidole, sauti ikaenda.

Simu ikalia pale pale. Hakuna shikamoo. 

"Mshenzi wewe," akasema.

"Naam."

"Umeniinua kitini. Nimesimama kabisa, nikaitika 'abee mama', mkwe wangu ananitazama." Nikasikia anavuta kamasi. "Usirudie. Au, rudia ukija."

"Sina pa kufikia."

"Bibi kizee, usinitie hasira. Godoro nimelianika juani tangu juzi."

"Na hawa wenye hoteli?"

"Wakaogelee. Lakini wanakula kwangu kila siku. Hiyo Jumapili yao siitaki."

Nikampa mwanangu habari. Akajibu kwa sauti ya waziri aliyenyimwa bajeti: "Mama, so chumba chako nifanyeje? Na hizo siku zote za kula kwa mama mdogo niziweke wapi? Ratiba imejaa."

"Chumba weka mabegi. Ratiba izime."

Kanuna mpaka leo. Akipiga simu anaomba kuongea na dada yake kwanza, mimi napewa mwishoni, "Mama, hujambo, okay." Na anune. Tiketi ninayo, na nikishuka kwenye ndege nafikia kwa mdogo wangu.