Aliyetaka Kuona Choo Kwanza

Mwanamke aliyenikasirisha kuliko wote katika maisha yangu anaitwa Vimla, na ukimwona huwezi kuelewa kwa nini. Ni mjane mfupi, anavaa sweta ya kijivu juu ya sari hata jua likiwaka, na ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na Adams Arcade aliloachiwa na marehemu mume wake. Hapigi kelele, hatukani mtu. Anauliza tu. Lakini anaweza kukuuliza mpaka utamani angekutukana yaishe.

Mimi ni Ngina. Wakati huo, mwaka wa 2006, nilikuwa na watoto thelathini na mmoja katika makao yetu ya mayatima hapa Waithaka. Kama hujawahi kulea watoto wa makao, wacha nikwambie habari ya Desemba. Mwaka mzima hakuna anayekumbuka kwamba mtoto hula. Desemba ikikaribia, Nairobi nzima inakumbuka kwa pamoja. Wanakuja wa kanisa, wanakuja wa chama, wanakuja wa ofisi za Westlands na fulana zao zinazofanana, na wote wamebeba mkate. Watoto wanaimba wimbo uleule mara nne kwa Jumamosi moja, wanapigwa picha, na mimi niko jikoni nachemsha chai, kwa sababu mgeni hawezi kuondoka kwangu bila chai. Sukari ya watoto ya mwezi mzima inaishia kwenye vikombe vya watu waliokuja kuwasaidia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hao wahenga hawakuwa na makao ya watoto.

Wengine hupiga simu kwanza. "Mama, mwaka huu mnahitaji nini?" Nami najibu vile mama yangu alinifundisha: "Chochote kile Mungu atawajalia." Wakishashusha mkate nasimama mbele yao nasema, mkate ndio tulikuwa tunangojea. Hiyo ni adabu. Lakini watoto thelathini na mmoja hawawezi kumaliza mikate mia mbili kabla haijaota ukungu, kwa hivyo baada ya siku chache jirani yangu Mwaura, mfugaji wa nguruwe, anakuja na mkokoteni kuchukua iliyoharibika. Alikuwa akinikuta njiani ananiuliza, "Mama Ngina, wageni wanakuja lini tena?" Nguruwe wake walikuwa wamenona kuliko watoto wangu.

Na mwaka huo hatukuhitaji mkate. Tulihitaji choo. Shimo lilikuwa limejaa, mvua ikinyesha linafurika mpaka karibu na jikoni. Oktoba watoto sita waliharisha, na mmoja wao, Shiru, alilazwa hospitalini wiki nzima. Afisa wa afya akaja, akatazama, akaniandikia barua: kama kufikia tarehe kumi na tano Januari hakuna choo kipya, makao yafungwe na watoto wagawanywe kwingine. Shiru alikuwa na miaka kumi na mmoja, na wadogo zake wawili walikuwa hapo hapo kwangu. Hakuna makao yangewachukua wote watatu. Sijui nani alimwambia habari ya ile barua, lakini tangu siku hiyo akahamia kitanda cha wadogo zake, analala amewashika nguo.

Basi ndipo Vimla akaja. Alikuja Jumanne, siku ambayo hakuna mgeni anayekuja, na alikuja mikono mitupu. Nikamkaribisha chai.

"Chai hapana," akasema. "Choo iko wapi?"

Nilidhani amebanwa. Nikakimbia kumletea karatasi ya choo, akaikataa. Akasimama mlangoni, akatoa tochi kwenye mkoba, akamulika ndani ya shimo kama fundi anayekagua bomba. Halafu maswali yakaanza. Nani anapika? Analipwa na nani? Jana jioni watoto walikula nini? Ufunguo wa stoo anaweka nani? Saa nzima. Akaenda zake bila kuacha hata peremende.

Wiki iliyofuata akarudi na maswali yaleyale, safari hii akimuuliza mpishi, aone kama majibu yanalingana. Nilichoka naye. Nikamuuliza waziwazi anatafuta nini. Akaniambia kwamba kila mwaka, kumkumbuka mume wake, hutoa msaada mahali pamoja tu, na hatoi mpaka achunguze. Makao matatu alikuwa ameshayatembelea.

"Jikoni mtu anasafisha mgeni akikuja," akasema. "Choo haidanganyi."

Mara ya tatu alikuja Jumatatu, na Mwaura alikuwa langoni, mkokoteni umejaa mikate hadi juu.

"Hii inaenda wapi?" Vimla akauliza.

Mwaura hajawahi kujifunza kudanganya. "Kwa nguruwe, mama."

Nilitamani ardhi inimeze. Mkate wa sadaka, wa watu wa kanisa, na Mhindi mwenye pesa anatazama. Nikajua amekwisha kuniandika mwizi. Lakini yeye aliuliza tu.

"Hawa watu wa mkate wanajua?"

"Wajue nini?"

"Mkate inakula nguruwe. Choo imejaa."

"Mama, mtu akikuletea zawadi utamwambia hukuitaka?"

"Walikuuliza unataka nini?"

"Wengine waliuliza."

"Ukasema nini?"

"Nikasema chochote kile Mungu atawajalia."

"Mimi nauza misumari," akasema. "Mtu akikuja dukani aseme nipatie chochote, nitampatia ile imekataa kuuzika."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, kama unajua sana, toa wewe basi. Akasema atatoa simiti yote na mabati, lakini siku ile nitakapowaambia wageni wangu ukweli, si kabla. Nikamuuliza kama ataacha watoto watawanywe ili anifunze mimi kuongea.

"Januari naweza kujenga," akasema. "Mwaka kesho kitu ingine ikiharibika, utaita mimi tena? Na wao watakuja na mkate."

Nilikasirika siku nne mfululizo. Nilimkasirikia nikifua, nikamkasirikia nikipika. Mwaura alipojaribu kuniambia mficha uchi hazai, nikamwambia arudi kwa nguruwe wake.

Jumamosi wakaja watu wa ofisi moja ya Westlands, wakiongozwa na msichana mchangamfu anayeitwa Becky, ambaye mwaka wa tatu huo alikuwa ndiye anayepanga ziara yao. Waliteremsha mikate wakaipanga mezani mpaka ikawa ukuta. Watoto wakaimba. Nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki, nikaona sweta ya kijivu. Hakuna aliyemwalika.

Nikasimama kutoa shukrani. Mdomo wangu ulikuwa umezoea, ukaanza wenyewe. "Asanteni sana, Mungu awabariki. Huu mkate..." Hapo nikamwona Shiru. Watoto wengine walikuwa wanapiga makofi. Yeye hakuweza, alikuwa ameshika wadogo zake, mmoja huku, mmoja huku.

"Huu mkate," nikasema, "utaliwa na nguruwe."

Nikaendelea kabla sijaogopa. Nikawaambia habari ya mkokoteni, na ya Oktoba, na ya barua ya afisa. Nikawaambia leo hakuna chai, sukari ni ya watoto, lakini anayetaka kuona tunachohitaji anifuate. Wengine walibaki wakinong'onezana, na bwana mmoja akasema kwa sauti kwamba hawa watu hawana shukrani. Becky alinifuata. Alifika mlangoni mwa choo, akaziba pua, akatazama. Alipogeuka alikuwa analia, na alikuwa na hasira.

"Miaka mitatu, mama," akasema. "Miaka mitatu mimi ndiye nakupigia simu kukuuliza. Mwaka jana bosi alitaka tuwajengee kitu. Mimi ndiye nilimwambia asihangaike, mama mwenyewe alisema mkate ndio walikuwa wanangojea."

Mwaka jana. Hicho choo kingekuwa kimejengwa mwaka jana, na Oktoba Shiru asingelala hospitalini akitundikiwa maji. Mwezi mzima nilikuwa nimewakasirikia watu wa mkate, na nimemkasirikia Vimla, na sasa sikuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia ila mimi.

Ofisi ya Becky ikalipa wachimbaji, na yule bwana wa shukrani akaleta mawe lori mbili bila kunisalimia. Fundi Gerishon akachimba, akasema amefika futi thelathini. Simiti ya Vimla haikutoka dukani mpaka alipokuja mwenyewe na kamba, akaiteremsha shimoni, akaipima, akakuta ni futi ishirini na nane. Gerishon alinilalamikia mimi huku akirudi ndani kumalizia mbili. Tarehe kumi na tano afisa alikuta milango bado haijapakwa rangi, akazungukazunguka, akagonga muhuri. Jioni hiyo Shiru akabeba blanketi lake, akarudi kitanda chake mwenyewe.

Desemba iliyofuata simu zikaanza tena, na nikajibu kwa kusoma orodha niliyoibandika ukutani: dawa ya minyoo, viatu, mshahara wa mpishi. Wengine walikata simu. Vimla hakupiga. Alikuja Jumanne, mikono mitupu, akapita sebuleni nilipokuwa nimemtengea kiti kizuri, akaenda moja kwa moja nyuma. Nikangoja pale nje, moyo umejaa, nikisema leo atanisifu.

Akatoka.

"Sabuni ya kunawa iko wapi?" akauliza.

Nikafungua mdomo nimjibu vile anavyostahili. Halafu nikaufunga, nikaenda ukutani, nikaongeza sabuni kwenye orodha.