Fundi Aliyeacha Kuuza Dawa za Injini

Simu ya Parag iliingia saa nne na robo asubuhi, nikiwa naanua nguo kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka hadi katikati ya mlima. Parag ana duka la spea jirani na gereji ya kaka yangu. Tumejuana miaka mingi na hakuwahi kunipigia.

"Dada Mwanaheri, kaa chini kwanza," alisema.

Sikukaa. Akanieleza kwamba alikwenda kumpelekea kaka yangu Stambuli chai, akamkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya gari lililofunguliwa boneti, kichwa ameegemeza kwenye taa, na mwili umeshapoa. Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kisha nikamaliza kuanua nguo, maana sikujua kingine cha kufanya.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba huenda ilitokea mara tu alipofungua gereji. Basi kaka alikaa pale saa mbili au zaidi, watu wakipita barabarani, na hakuna aliyeingia. Zamani jambo hilo lisingewezekana. Zamani magari yalipanga foleni hadi mbele ya duka la Parag.

Tulizaliwa milimani, Matombo. Stambuli alinizidi miaka sita. Alishuka Morogoro mjini akiwa kijana, akajifunza ufundi kwa kushika taa na kuosha vyuma, mpaka akafungua gereji yake Mwembesongo. Mke wake alifariki mapema, hawakujaaliwa mtoto, naye hakuoa tena. Alilala chumba cha nyuma ya gereji.

Miaka hiyo ya foleni alikuwa akiuza chupa za kumimina kwenye mafuta au oili ya gari. Watu wetu huziita dawa: dawa ya nozeli, dawa ya moshi, dawa ya kusafisha injini. Wakala mmoja alimletea katoni pamoja na fulana, na kaka aliziamini. Wateja nao walizipenda. Gari likikosa nguvu mlimani, mtu hutaka amiminiwe kitu, kama mgonjwa anayeona hajatibiwa mpaka atoke na chupa mkononi.

Hashimu alikuwa rafiki yake tangu utotoni. Alibaki Matombo, akanunua pikapu ya zamani ya dizeli iliyobeba ndizi, wagonjwa na hata maiti. Mwaka 2012 ilianza kuchoka kwenye vilima, akaileta kwa Stambuli. Kaka akamimina dawa ya kusafisha ndani ya oili, akaiacha injini iungurume robo saa, akamwaga oili nyeusi kama lami, akaweka mpya. Hashimu akaondoka anacheka kwamba gari limerudi ujana.

Injini ile ilikuwa na uchafu wa miaka mingi, mzito kama uji ulioganda. Ile dawa haikuutoa wote. Iliubandua tu, nao ukaenda kuziba mahali pa kufyonzea oili, injini ikazunguka kavu. Siku ya nne Hashimu alikuwa anamshusha mama yake hospitali. Injini ikanoki, ikakwama kabisa kabla hawajafika Mkuyuni, mvua inanyesha, barabara haina gari lingine. Vijana walimbeba bibi yule kwenye machela. Alifika jioni, na kesho yake akafariki.

Hashimu hakumshitaki kaka wala kumtukana mbele za watu. Stambuli alimfungia injini nyingine kwa gharama yake, naye Hashimu akaipokea. Kilichokatika ni maneno. Kaka akimtolea salamu aliitikia, kwa kuwa dini inamlazimu, kisha anapita. Kila Idi Stambuli alipanda Matombo kwenda kumwomba radhi. Hashimu alimkaribisha, akampa kahawa, wakazungumzia mvua na bei ya ndizi. Kaka akitaja tu marehemu mama, Hashimu anainuka kwenda kutazama mbuzi. Ikawa hivyo miaka kumi na miwili.

Zile katoni kaka alizirudisha. Tangu hapo alimwambia kila mteja alichokiamini. Hakusema dawa zote ni uongo. Nilikuwepo siku mwalimu mmoja wa Mazimbu, Lucy, alipomletea gari dogo la petroli na kuulizia dawa ya kurudisha nguvu.

"Mama, kama nozeli zimechafuka, ile ya nozeli husaidia kidogo," kaka alimjibu. "Kama hazijachafuka, umelinywesha soda tu. Na kama ringi za pistoni zimekwisha, hakuna chupa inayootesha chuma."

Akamwangalizia chujio la hewa, likawa limejaa vumbi. Akalibadilisha, kazi ikaisha. Lucy alishukuru, lakini wengi hawakushukuru. Walikwenda gereji ya pili, ambako vijana walimwita Sheikh wa Oili na kuwaambia wateja kwamba mzee amepitwa na wakati. Hata Parag alimtania kwamba akiendelea hivyo yeye atafunga duka aje amsaidie kukaa.

Akakaa kweli. Ramadhani iliyopita nilimpelekea futari, nikamkuta anafungua saumu peke yake juu ya tairi, tende tatu na maji. Nikamwambia ahamie kwangu Kihonda. Akasema mtu akija na gari atakuta pamefungwa. Kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau.

"Mdogo wangu, mimi naogopa kufa Hashimu hajaniachilia."

Hilo ndilo nililokuwa nalifikiria njia nzima tulipompeleka Matombo. Kwetu Waluguru mtu hurudi kwenye ardhi ya mama yake, na nyumba ya Hashimu iko bondeni tu, chini ya migomba yetu. Sikujua kama atakuja.

Alikuja. Nilimwona kupitia dirisha la chumba tulimokaa wanawake, amesimama nyuma ya wanaume wote. Maiti ilikuwa imekwisha kuoshwa na kukafiniwa. Mjomba Said akasimama mbele ya jeneza, akasema kama inavyosemwa kwetu: mwenye haki yake kwa marehemu aseme, na aliyekosewa naye amsamehe kwa ajili ya Mungu. Nikasoma moyoni kila dua niliyoijua.

Hashimu akapenya mpaka mbele.

"Nina jambo naye," alisema. "Siku ile ya mama, taa nyekundu ya oili iliwaka tuko bado kwenye kona za juu. Niliiona. Stambuli alinifundisha mwenyewe kwamba ikiwaka nizime gari, na mimi sikuzima, nilitaka kufika. Sikumwambia mtu. Nikamwachia yeye mzigo wote. Mimi nimemsamehe. Sijui nani atanisamehe mimi."

Mjomba akageukia dirisha. "Mwanaheri, umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakusema hayo wakati kaka ana masikio, katika Idi hizo zote. Zuhura, mke wa mjomba, alinishika mkono. Nilikumbuka kwamba na mimi nitasimama mbele ya Mola nikihitaji kusamehewa.

"Nimesikia," nikasema. "Kwa niaba ya kaka yangu, tumekusamehe."

Wakamswalia uani baada ya adhuhuri. Wakabeba jeneza, wakipokezana mabegani, Hashimu akiwa upande wa mbele kulia, wakateremka kwa njia ya migomba. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Nilisimama mlangoni mpaka kitambaa cha kijani kilichofunika jeneza kikapotea kwenye majani, na sauti zao za dhikri zikafifia. Walirudi baada ya saa moja, miguu ina matope. Mjomba akaniambia kaburi ni kavu ndani, wamemlaza vizuri kuelekea kibla, na kila mtu alitupia udongo mara tatu. Kisha tukakaa, ikasomwa Yasini, watu wakala, wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Mungu amrehemu kaka yangu Stambuli. Amina.