Habiba Komora Ameleta Zoezi

Wenzangu niliosoma nao darasa la saba, nani anamkumbuka Habiba Komora?

Leo ameniletea zoezi.

Ngojeni kwanza niwaeleze.

Shule yetu hapa Garsen, ambako sasa nafundisha, imeanza kutumia mfumo wa masomo ya mtandaoni, ule wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuurekebisha. Karani ndiye aliyeingiza majina ya wanafunzi, na kabatini akachukua daftari letu la majina la zamani pamoja na jipya.

Mnajua hapa hatufuti jina la mtoto aliyehama na ng'ombe, maana mvua ikinyesha atarudi. Basi Habiba naye hakufutwa, ingawa sote tunajua mto ulimchukua mwaka ule wa mafuriko, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Swali nililowapa watoto ni rahisi: unafikaje shuleni?

Wote wamejibu kwa miguu au kwa bodaboda.

Yeye ameandika: "Navuka kwa mtumbwi, mwalimu, lakini leo maji ni mengi."

Nikamuuliza karani nani ana paswodi yake.

"Hakuna, mwalimu. Bahasha yake hii hapa, bado imefungwa."

Labda ni mzaha wa mtoto. Labda.

Karani anataka nimfute. Nimeshika kipanya tangu saa sita.

Lakini mama yake yuko hai kule Kilelengwani, na mpaka leo anakataa binti yake asomewe hitma, kwa sababu mwili haukupatikana.

Nyinyi mngefanyaje?

Nikilifuta jina hili, mimi ndiye nitakuwa nimemzika.